Mipangilio ya kompyuta za umma isikae kichwani mwa mtu mmoja

Maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa upande wa Marambo, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo, kwa kulisikia mara ya kwanza, laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao: utunzaji wa mafaili ya mipangilio katika mifumo huria ya kompyuta, na namna ya kuyapatanisha na matoleo mapya ya programu. Nakubali kwamba jina lake ni zito. Lakini kazi yenyewe mnaijua. Ndiyo kazi ya masijala, ndiyo kazi ya makabidhiano ya ofisi, na ndiyo kazi ya kila mwalimu mkuu anayepokea waraka mpya na kuulinganisha na utaratibu uliokuwapo shuleni kwake. Kilicho kigeni ni mashine tu.

Sababu ya kulizungumza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya umma imekwisha kuhamia ndani ya mashine hizo. Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, imeweka msingi wa kuendesha shughuli za Serikali kwa njia hiyo. Taarifa za zahanati na vituo vya afya nchini hukusanywa kwa DHIS2, mfumo huria ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi kubwa ya kuukuza. Kwa hiyo mtoto anapochanjwa katika kijiji cha Nachingwea, hesabu ya chanjo yake inaishia katika seva fulani, na seva hiyo inasimama au kuanguka kwa mistari michache ya maandishi ambayo mtu fulani aliiandika. Swali langu kwenu ni hili: mtu huyo akihamishwa kesho, nani atajua aliandika nini, na kwa nini?

Tuanze na maana. Programu huiwezesha mashine kufanya kazi. Faili la mipangilio huiambia kazi hiyo ifanywe namna gani mahali hapa. Programu ya kuhifadhi kumbukumbu ni ile ile iwapo Ruangwa au iwapo Oslo. Kinachotofautiana ni mipangilio: mashine hii inaitwa nani, nani anaruhusiwa kuingia, nakala rudufu zinawekwa wapi, saa zake ni za wapi, na lugha yake ni ipi. Katika mifumo ya jamii ya Linux, mengi ya mafaili hayo hukaa ndani ya saraka moja iitwayo /etc, nayo ni maandishi matupu yanayosomeka kwa macho. Faili /etc/hostname hubeba jina la mashine. Faili /etc/fstab hutaja diski zitakazounganishwa mashine inapowaka. Saa za eneo letu hutajwa kwa jina la Africa/Dar_es_Salaam, na mtu anayetaka mashine imwandikie tarehe na fedha kwa desturi ya Tanzania huandika sw_TZ mahali pa lugha. DHIS2 nayo ina faili lake, dhis.conf, linalosema hazina ya takwimu iko wapi na inafunguliwa kwa nywila gani. Hayo si mafumbo. Ni maagizo ya kazi yaliyoandikwa mstari kwa mstari.

Ndugu zangu, neno "huria" lina historia, na inafaa tuifahamu. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha Linux. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, ambayo hadi leo hutunzwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Mwaka 2004 ulitokea mfumo uliojengwa juu ya Debian ukapewa jina la Ubuntu, neno la ndugu zetu wa kusini mwa Afrika, ambalo kwetu sisi ni utu. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Watanzania hawakusubiri kampuni ya mbali iamue kama lugha yao ina faida sokoni. Waliuchukua msimbo uliokuwa wazi wakaifanya kazi wenyewe.

Nalitaja hilo kwa fahari, lakini pia kwa onyo. Uhuru wa kuusoma na kuubadili mfumo haumfai chochote asiyeusoma wala kuutunza. Tafsiri ya Kiswahili ya programu haimalizwi mara moja, kwa kuwa kila toleo jipya huja na maneno mapya yanayongoja mfasiri. Vivyo hivyo mipangilio ya seva ya shule haimalizwi siku ile mashine inapowashwa kwa mara ya kwanza mbele ya wageni. Kujitegemea ni kazi ya kila wiki.

Sasa nifike kwenye kiini cha shauri. Mfumo endeshi hauna budi kusasishwa. Wadukuzi hawapumziki, na kasoro hugunduliwa kila mara. Tena kila toleo lina umri wake. Debian 10, kwa mfano, ilitolewa Julai 2019, na matunzo yake ya muda mrefu yakakoma Juni 2024. Aliyeendelea kuitumia baada ya hapo bila mpango mwingine wa matunzo aliacha mlango wake bila mlinzi. Hakuna hoja ya kusema, "Mashine yetu inafanya kazi, tusiiguse." Nyumba ya udongo nayo inasimama vizuri mpaka masika yaingie.

Lakini masasisho yanapokuja hugongana na mipangilio tuliyoiweka wenyewe. Fikirini juu ya waraka. Wizara ilitoa waraka wa kwanza. Shule yenu ikaufuata kama ulivyo, au ikaurekebisha kidogo kulingana na mazingira yake. Kisha unakuja waraka wa pili. Iwapo hamkuurekebisha ule wa kwanza, mnaupokea wa pili na kazi inaendelea. Iwapo mliurekebisha, lakini waraka wa pili haukugusa sehemu hiyo, marekebisho yenu yanabaki. Ugumu unatokea pale tu ninyi mlipobadili na Wizara nayo imebadili. Hapo mwalimu mkuu mwenye busara huweka karatasi tatu mezani: waraka wa zamani, utaratibu wa shule, na waraka mpya, akauliza kila tofauti ilitokana na nini.

Hivyo ndivyo Debian na Ubuntu zinavyofanya. Mashine hulinganisha faili la asili, faili lililo katika /etc, na faili linalokuja. Ikiona pande zote mbili zimebadilika, husimama na kuuliza: niweke faili jipya, au nibaki na lako? Hutoa pia nafasi ya kuonyeshwa tofauti kabla ya kuamua. Mtu akibonyeza kitufe cha kuendelea bila kusoma, mashine hubaki na faili la zamani, na lile jipya huliweka kando likiwa na mwisho wa .dpkg-dist. Akichagua jipya, la zamani halitupwi. Huwekwa kando likiwa na mwisho wa.dpkg-old. Mifumo ya jamii ya Red Hat nayo huacha alama kama hizo, .rpmnew na .rpmsave. Maana yake ni kwamba mashine imeacha ushahidi. Tatizo ni kuwa ushahidi huo hukaa miaka bila mtu kuufungua, kama barua iliyowekwa katika jalada bila kupelekwa kwa mhusika.

Kuna tabia mbili mbaya, na kila moja huleta hasara yake.

Tabia ya kwanza ni ya yule anayeng'ang'ania faili la zamani kila mara. Mwaka 2012 seva ya wavuti iitwayo Apache, katika toleo lake la 2.4, ilibadili namna ya kuandika kanuni za nani aruhusiwe kuona nini. Aliyekwenda na programu mpya huku mkononi ana sheria zilizoandikwa kwa lugha ya zamani aliweza kujikuta kurasa zake zimefungwa mbele ya watu wake mwenyewe. Aliyekataa kila kipya amekataa pia marekebisho ya usalama yaliyomo humo.

Tabia ya pili ni ya yule anayekubali kila kipya bila kuuliza. Huyu hufuta kwa kitufe kimoja kazi ya mwaka mzima: orodha ya walioruhusiwa, njia ya nakala rudufu, jina la mashine ya kuchapishia. Chukueni shule ya sekondari yenye seva moja inayohifadhi alama za tathmini endelevu. Mwalimu aliyeiandaa amehamishwa Januari. Mwalimu mwingine, kwa nia njema, anasasisha mfumo mwezi wa Septemba na kukubali mafaili yote mapya. Mashine inawaka, kila mtu anafurahi, ila kazi ya kunakili alama kila usiku kwenda diski ya pili imekoma, wala hakuna kengele iliyolia. Novemba, Kidato cha Nne wakiwa katika chumba cha mtihani, diski ya kwanza inakufa. Hapo ndipo itakapojulikana kwamba mstari mmoja ulipotea, na watakaoumia ni watoto ambao hawakuwahi hata kuiona mashine hiyo.

Asidhani mtu kwamba mambo hayo huwapata wanyonge tu. Tarehe 12 Oktoba 2009 mafundi wanaotunza majina ya mtandao ya Uswidi, yaani yale yanayoishia kwa .se, walisasisha programu ndogo inayoandaa orodha ya majina hayo, na nukta moja ikakosekana mwishoni mwa majina. Kwa sababu ya nukta hiyo, anwani za nchi nzima zikawa hazipatikani, na hata baada ya kosa kusahihishwa ilibidi watu wangoje kumbukumbu mbovu zilizosambaa zifutike. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wa ndani wa kampuni ya Facebook. Kwa saa zetu ilikuwa yapata saa 12:40 jioni, na kwa muda wa kama saa sita WhatsApp ilinyamaza kutoka Lindi hadi London. Wahandisi wao wenyewe walipata shida kuingia katika mitambo yao, kwa kuwa njia za kuingilia zilitegemea mtandao ule ule uliokatika. Kama kampuni yenye mali nyingi kiasi hicho inaweza kujifungia nje, sisi wenye seva moja na betri moja hatuna budi kuwa waangalifu zaidi.

Ndugu zangu wa Nachingwea hamhitaji kufundishwa hatari ya mpango ulioandikwa mbali. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine zilikuwapo, fedha zilikuwapo, hata reli na bandari vilijengwa kwa ajili yake. Lakini hesabu zilifanywa pasipo kuujua vema udongo na mvua za mahali penyewe. Mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 36, na reli yenyewe ikang'olewa katika miaka ya 1960. Faili linalokuja na programu ni kama mpango ule: limeandikwa na watu hodari, wenye nia njema, wasioijua Marambo. Halijui kwamba umeme hukatika, wala kwamba bando la intaneti hununuliwa kwa fedha za kubana. Kazi ya kulilinganisha na hali yetu ni yetu. Tofauti ni kwamba mkulima wa mwaka 1947 hakuulizwa. Mfumo huria unasimama na kuuliza. Itakuwa ajabu tukiulizwa tusijibu.

Basi tufanye nini? Nataja mambo sita ambayo yanawezekana bila kungoja bajeti mpya.

Kwanza, kila badiliko liandikwe sababu yake, na liandikwe kwa Kiswahili. Katika mengi ya mafaili haya, mstari unaoanza kwa alama ya reli hausomwi na mashine. Umewekwa kwa ajili ya binadamu. Tuutumie. Juu ya kila mstari tuliobadili tuandike tarehe, cheo cha aliyebadili, na sababu: "Tumeongeza muda wa kungoja kwa sababu mtandao hapa ni wa polepole." Katika masijala hakuna anayefungua jalada akaingiza karatasi isiyo na namba wala saini. Seva isipewe heshima ndogo kuliko jalada.

Pili, mabadiliko yetu tuyatenge na ya mtunzi wa programu. Programu nyingi siku hizi huruhusu mipangilio ya mahali iwekwe katika faili dogo la peke yake, ndani ya saraka ambayo jina lake huishia kwa .d, kama vile /etc/ssh/sshd_config.d. Faili kubwa la asili likiachwa bila kuguswa, sasisho hulibadilisha bila ugomvi, na yetu hubaki salama katika faili lake. Migongano mingi huisha kwa utaratibu huo peke yake.

Tatu, historia itunzwe. Kuna programu iitwayo etckeeper inayoweka saraka nzima ya /etc chini ya uangalizi wa Git, ikanukuu hali yake kabla na baada ya kila sasisho. Kwa hiyo mtu anaweza kuona leo mstari gani ulikuwa vipi mwaka jana, na kuurudisha ikibidi. Lakini kumbukumbu hizo zina siri ndani yake, kwa hiyo zisipelekwe mahali pa wazi. Faili lenye nywila, kama dhis.conf, lisomwe na yule tu anayehusika na mfumo huo.

Nne, tujaribu kabla ya kuwasha upya. Programu nyingi za seva zina amri ya kukagua faili lake zikasema kama lina kosa: sshd -t kwa mlango wa kuingilia kutoka mbali, apachectl configtest kwa Apache, named-checkzone kwa orodha ya majina ya mtandao. Kwa faili la mamlaka ya sudo kuna visudo, ambayo hulikagua faili kabla ya kulikubali. Ukaguzi huo ni wa sekunde chache. Tena anayebadili mlango wa mbali asifunge kikao alichonacho mpaka athibitishe kwamba kikao kipya kinafunguka.

Tano, sasisho liwe na ratiba. Lifanywe siku ambayo umeme una uhakika au betri imejaa, nje ya majuma ya mitihani na ya kufunga hesabu, na baada ya kuchukua nakala rudufu na kuhakikisha kwamba nakala hiyo inafunguka. Umeme ukikatika katikati, mafundi wa Debian wanayo amri ya kumalizia kazi iliyobaki, dpkg --configure -a. Iandikwe ukutani karibu na mashine. Na kila sasisho likiisha, mhusika atafute mafaili yenye mwisho wa .dpkg-dist na .dpkg-old, ayalinganishe, aamue, kisha aandike uamuzi wake.

Sita, na hili ndilo kubwa kuliko yote, seva iingizwe katika hati ya makabidhiano. Mtumishi anapohama hukabidhi funguo, majalada, viti na meza. Akabidhi pia orodha ya mafaili aliyoyabadili, mahali zilipo nakala rudufu, na njia za kuingilia. Na anayepokea afanye sasisho moja mbele yake kabla hajaondoka. Kila mashine ya umma iwe na watu wawili wanaoijua, mmoja akiugua mwingine awepo.

Najua litaulizwa: mwalimu mwenye vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha atapata wapi muda wa hayo yote? Ni swali la haki, na silijibu kwa kumwongezea mzigo kimya kimya. Kazi hii itambuliwe na kuandikwa katika mgawo wa majukumu ya shule, kama ilivyoandikwa kazi ya mwalimu wa zamu au ya mtunza stoo. Anayepewa apunguziwe kitu kingine. Kazi isiyoandikwa popote haina mwenyewe, na ikiharibika lawama humwangukia aliyejitolea.

Litaulizwa la pili: je, mtaalamu wa TEHAMA wa Halmashauri yuko kwa kazi gani? Yuko, na tumpe heshima yake. Yeye ndiye wa kuandaa mpangilio wa msingi kwa shule zote, na wa kuitwa jambo linapozidi. Lakini shule na zahanati ni nyingi, na njia ni ndefu. Tukimngoja aje kubonyeza kitufe cha ndiyo au hapana katika kila kijiji, tumeurudisha utegemezi kupitia mlango wa nyuma. Yeye akikuta faili lenye maelezo ya Kiswahili na tarehe, kazi ya siku mbili itakuwa ya saa moja.

Litaulizwa la tatu: lugha. Ni kweli kwamba maelezo mengi yaliyomo katika mafaili hayo ni ya Kiingereza. Walimu wa lugha mko hapa. Kaeni na mwenzenu wa kompyuta, chukueni faili moja, elezeni kila mstari wake kwa Kiswahili fasaha, kisha wape shule jirani. Ndivyo walivyofanya wa Kilinux kwa programu nzima ya ofisini. Sisi tunaombwa ukurasa mmoja. Wanafunzi wakisaidia katika kazi hiyo watajifunza kwamba mashine haina uchawi, na kwamba kila inachokifanya kimeandikwa mahali fulani na binadamu anayeweza kuulizwa sababu.

Ndugu viongozi, ndugu walimu, ndugu watumishi, nina ombi moja la kutekelezwa mara mtakaporejea vituoni. Fungueni daftari jipya. Ukurasa wa kwanza andikeni jina la kila mashine ya umma iliyo chini yenu, mfumo wake na toleo lake, tarehe ya sasisho la mwisho, na majina ya watu wawili wanaoitunza. Mahali mtakapokosa jina la pili, anzeni kazi hapo.